Barua ya wazi kwa wanaotunga na kusahihisha tathmini za sayansi: mtoto aliyekishuku kipimajoto hakukosea

Kwa wakuu wa elimu, watungaji wa tathmini za sayansi, na wote wanaoandika miongozo ya kusahihisha

Waheshimiwa,

Asalaam aleikum. Mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi hapa kisiwani Lamu. Mada ya hali ya hewa nimeifundisha miaka mingi, na leo nawaandikia hadharani kwa sababu ya jibu moja lililokatwa kwa kalamu nyekundu.

Muhula uliopita wanafunzi wangu wa Gredi ya 6 walifanya kazi ya tathmini ya vitendo. Walitakiwa watundike kipimajoto kivulini, wakisome saa nne asubuhi, kisha wajaze jedwali. Tulikuwa na vipimajoto 5, kila kimoja kimepakwa nambari. Binti mmoja alipewa nambari 3. Aliandika hivi: “31. Lakini hiki huzidisha 2, kwa hivyo ni 29.” Aliyesahihisha hakuwa mwalimu wetu. Alilikata jibu zima, akaandika pembeni, “Soma kipimo kama kilivyo.” Kwenye kipengele hicho binti akawekwa chini ya matarajio.

Naomba mnisikilize jinsi alivyojua kwamba nambari 3 huzidisha 2, maana hapo ndipo penye maneno yangu yote.

Wiki mbili kabla ya tathmini tulivipima vipimajoto vyenyewe. Niliwaeleza watoto kwamba barafu safi inayoyeyuka huwa digrii 0, leo, kesho na mtondo, na kwamba ukikitia kipimajoto humo utakijua ukweli wake. Kijana mmoja ambaye mjomba wake ana mashua ya uvuvi akajitolea kuleta barafu. Akaja nayo kwenye ndoo, imepondwa vizuri, imeanza kutoa maji. Tukavitumbukiza vyote vitano, tukangoja. Vinne vikashuka chini ya sifuri. Nambari 3 peke yake ikabaki karibu na sifuri yenyewe, imetulia. Nikashika chaki nikaanza kuandika ubaoni kwamba nambari 3 ndiyo nzima na hizo nyingine zote zina hitilafu. Ndipo binti yule akachovya kidole ndooni, akakilamba.

“Mwalimu, hini ina munyu.”

Barafu ilikuwa imelala ndani ya kisanduku cha samaki pamoja na maji ya bahari, na chumvi huishusha barafu chini ya digrii 0. Vipimajoto vinne vilikuwa vikisema kweli kuhusu maji ya chumvi, na kile kibovu ndicho kilichoonekana kizima. Nilifuta ubao. Tukaimwaga ndoo, tukamwendea mama jirani mwenye friji, akatupa barafu ya maji ya bomba, haya yatokayo kwenye visima vya mchanga wa Shela. Tukaiponda kwenye kinu, tukaiacha itoe maji kidogo, tukavitia tena vipimajoto na kungoja dakika 5 nzima. Nambari 1, 2 na 4 zikasoma 0. Nambari 3 ikasoma 2. Nambari 5 ikasoma 1 chini ya sifuri.

Kisha tukachemsha maji kwenye sufuria. Hapa Lamu tuna bahati ambayo vitabu vyetu havijaitaja. Tunaishi usawa wa bahari, kwa hivyo maji yetu yakitokota huwa karibu sana na digrii 100, kama kitabu kinavyosema. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari na maji ya huko hutokota kwenye digrii kama 94. Mtoto wa Nairobi akiona 94 akaambiwa kipimajoto chake kibovu, ameonewa. Mtoto wa Lamu akiona 94, kipimajoto chake kina jambo. Sisi tuliona hivi: nambari 1 na 2 zikafika 100, nambari 3 ikafika 102, nambari 5 ikafika 99. Nambari 4, ambayo kwenye barafu ilikuwa sawasawa kabisa, ikakwama kwenye 97.

Watoto walibishana kuhusu nambari 4 mpaka kengele ikalia. Nambari 3 ni rahisi: inazidisha 2 barafuni na 2 kwenye maji ya moto, basi unatoa 2 popote ilipo. Nambari 4 haina kosa la aina hiyo. Kosa lake linakua kadiri joto linavyopanda, kwa sababu mistari yake imechorwa mbalimbali mno, kila mmoja mbali na mwenzake. Ikisoma 29, ukweli ni karibu 30. Ikisoma 58, ukweli ni karibu 60. Aliyeipima kwenye barafu tu angeapa kwamba ni nzima. Hapo watoto wakaelewa wenyewe kwa nini kipimo huhakikishwa kwenye nukta mbili wala si moja, nami sikuhitaji kuwakaririsha sentensi yoyote. Tukaandika kadi ndogo kwa kila kipimajoto na kuifunga kwa uzi. Binti yule alipoandika “hiki huzidisha 2”, alikuwa akisoma kazi ya mikono yake.

Waheshimiwa, mtu anayeweza kufanya hivyo ameelewa upimaji wa hali ya hewa. Maswali tunayopewa hayana pa kumwonyesha. Yanauliza kifaa cha kupimia mvua kinaitwaje. Yanauliza kasi ya upepo hupimwa kwa nini. Yanatoa picha ya kisanduku cheupe chenye mbao za kupitisha hewa na kumtaka mtoto ataje jina la Stevenson. Majina hayo ni ya kujua, siyakatai. Ila mtoto aweza kuyataja yote kumi na bado akatundika kipimajoto juani penye ukuta wa mabati, akaandika 41, akalala usingizi.

Nendeni soko la samaki asubuhi mkaangalie. Mnunuzi hauruhusu mzani upandishwe changu hata mmoja mpaka ameuona mshale umekaa kwenye sifuri. Watoto wetu hutumwa sokoni tangu wana miaka saba, na tabia hiyo wanayo. Wakiingia darasani tunawapa kifaa na kuwaambia kiaminini. Naona hapo tunawapunguzia akili waliyokuja nayo.

Kwenye mvua jambo hili ni zito zaidi. Kipimamvua cha kujitengenezea kimo katika kila kitabu: chupa ya plastiki, ikate shingo, igeuze iwe faneli, bandika rula. Mtoto akishamaliza kuitengeneza hupewa alama, basi. Hakuna anayemuuliza kama inapima kweli. Tako la chupa nyingi limebonyea, kwa hivyo milimita za mwanzo hupotea kwenye mabonde. Rula nyingi zina nafasi tupu kabla ya sifuri. Na namna ya kuihakikisha chupa hiyo ni rahisi mno, haihitaji hata siku ya mvua. Mvua ya milimita 1 ikinyesha kwenye mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Basi mdomo wa kipimamvua ukiwa na upana wa sentimita 10, mvua ya milimita 10 itakusanya mililita 78 na nusu. Chukua sindano ya hospitali isiyo na ncha, pima maji mililita 78 na nusu, mimina, utazame rula inasemaje. Ikisema 10, una kifaa. Ikisema 7, una chupa tu. Wanafunzi wangu walitengeneza 11, na zilizopita mtihani huo wa sindano zilikuwa 3.

Kwa mtoto wa Kiwayu au Ndau hesabu hii ni ya maisha. Visiwa hivyo vinategemea jabia, yaani birika la kukingia maji ya mvua, na jabia hujazwa na mvua ya masika. Eneo la kukingia la mita 100 za mraba likipata mvua ya milimita 20 huteremsha lita 2,000, ukiacha yanayopotea njiani. Kipimamvua kinachosoma 14 badala ya 20 kitawaambia watu wana lita 1,400. Na kinachosoma 26 kitawaahidi maji ambayo hayamo, waje kulijua hilo wakati wa kaskazi, jua kali, ndoo imegota chini. Katika mitihani yote niliyoisimamia sijaona swali moja linalomtaka mtoto aunganishe chupa yake na jabia la kwao.

Upepo nao. Hapa nitasema kwa uchungu kidogo, maana baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi, na upepo kwetu ulikuwa mtu wa nyumbani. Mtoto wa Lamu huujua kusi na kaskazi kabla hajajua kusoma. Lakini kaskazi yetu huvuma kutoka kaskazini-mashariki. Mtoto akiulizwa upepo wa Januari hutoka wapi huandika “kaskazi”, naye hukatwa kwa sababu hakuandika pembe mbili. Amesema jina la upepo, msahihishaji amesoma jina la upande. Mwongozo wa kusahihisha ungeweza kuwa na mstari mmoja tu wa kulieleza hilo, na ufundi wa wazee wetu walioihesabu miongo ya mwaka, siku kumi kumi, tangu Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili, ungepata heshima yake darasani.

Swali ambalo ningependa kuliona ni hili. Mpeni mtoto vielekezaupepo viwili vya karatasi ngumu. Kimoja kina mkia mpana na kichwa chembamba. Kingine kichwa chake ni kipana kuliko mkia. Mwambieni avisimamishe barazani penye kusi kisha aeleze kwa nini vinaelekea pande mbalimbali. Upepo husukuma palipo papana papelekwe nyuma, kwa hivyo kile cha pili kitaelekeza kinyume, na mtoto anayekisoma bila kufikiri ataandika kwamba kusi, upepo wa kusini, inatoka Kiwayu, kaskazini-mashariki mwetu. Halafu mwulizeni amejuaje upande wa kaskazini alipoichora alama yake. Lamu tuna jibu la ajabu kwa swali hilo. Kibla chetu kinakaribia kaskazini kamili: ukielekea Makka kutoka hapa unakwenda digrii kama 2 na nusu tu magharibi ya kaskazini. Ndiyo maana wazee wengi wakisema kibla humaanisha kaskazini. Mtoto anayeswali anao upande wa kuhakikishia kielekezaupepo chake mara tano kwa siku, wala haununui.

Sasa kifaa ambacho kwa maoni yangu kinatakiwa kiondolewe kwenye orodha ya kutengeneza, au kifundishwe upya kabisa: barometa ya chupa na puto. Unavuta puto juu ya mdomo wa chupa ya kioo, unagundisha mrija, ncha ya mrija inapanda na kushuka. Tunawaambia watoto kwamba inapima kanieneo ya hewa, yaani jinsi hewa inavyokandamiza. Hapa pwani, kwa siku ya kawaida, kanieneo hubadilika hektopaskali kama 3 tu kati ya elfu moja na kidogo. Hewa iliyofungwa ndani ya chupa ikipata joto la digrii 1 zaidi hujitanua kiasi kilekile, pengine zaidi. Na darasa letu hupanda digrii 4 au 5 kutoka asubuhi hadi adhuhuri. Kwa hivyo mrija ule unapima joto la chumba, na mtoto anaandika kanieneo. Niliwapa watoto chupa hiyo na kuwaambia wapumulie viganjani kisha waikumbatie kwa mikono. Mrija ukaanza kwenda palepale. Mmoja akasema, “Chasema urongo kama nambari 3.” Nilifurahi kwa neno hilo kuliko kwa alama yoyote.

Kanieneo ya kweli ingekuwa somo tamu kwetu kuliko mahali pengi. Katika nchi za karibu na ikweta hewa nayo ina kujaa na kupwa kwake, mara mbili kwa siku, kwa sababu ya jua kuipasha angahewa. Barometa nzuri hupanda kileleni karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, ikashuka karibu saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri. Asiyelijua hilo akiona mshale umeshuka saa kumi atadhani dhoruba inakuja. Mtoto anayejua bamvua na maji mafu, yaani maji makubwa na madogo ya bahari, ataelewa upesi kwamba kushuka kwa kila siku si habari, na kwamba habari ni kushuka kunakopita mazoea. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kikija pwani ya Tanzania na sisi huku tukionywa tusiingie baharini, wanafunzi waliniuliza watabiri wanajuaje. Nilitamani niwe na barometa moja tu, hata kuukuu, niwaonyeshe.

Kisanduku cha Stevenson nitakipitia haraka. Picha za vitabuni zina mlango mmoja, zimetoka nchi ambako jua la mchana hukaa upande mmoja mwaka mzima. Lamu iko digrii 2 na kidogo kusini mwa ikweta. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua la adhuhuri huwa kaskazini mwetu, miezi mingine huwa kusini. Karibu na ikweta kisanduku huwa na milango miwili, pande mbili, ili msomaji afungue ule usiopigwa na jua. Mtoto wangu akichora milango miwili, tafadhali asikatwe.

Najua mzigo wenu. KPSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6, ilipofanywa mara ya kwanza mwaka 2022, watahiniwa walikuwa zaidi ya milioni moja, na karatasi ya kuchagua jibu ndiyo inayowezekana kwa idadi hiyo. Lakini hata swali la kuchagua laweza kumpima mtoto akili. Kipimajoto kilisoma 2 kwenye barafu inayoyeyuka na 102 kwenye maji yatokotayo. Leo kinasoma 31. Joto la kweli ni lipi: 29, 31, 33 au 62? Mstari huo haugharimu wino zaidi ya kuuliza barometa ni nini. Na tathmini za shuleni, ambazo ndizo zenye nafasi ya vitendo, zinaweza kwenda mbali zaidi. Mwekeeni mtoto vifaa viwili mezani, kimoja kibovu kwa makusudi, mwulizeni anakiamini kipi na kwa nini. Atakayesema “nitavitia vyote kwenye barafu” apewe alama hata kabla barafu haijafika. Atakayeuliza “barafu hiyo ni ya maji gani?” huyo amezidi matarajio.

Naomba pia mwongozo wa kusahihisha uache kudai nambari moja. Watoto watano wakisoma kipimajoto kimoja, mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja amechelewa dakika 3, watapata majibu yanayotofautiana kwa nusu digrii, na hilo ni sawa. Mwongozo ukisema 31 pekee, watoto huchungulia kwa jirani. Nimewaona. Huandika alichoandika mwenzao badala ya walichokiona kwa macho yao, kwa kuwa wanajua jibu ni moja na wanaogopa kuwa peke yao.

Na jambo moja zaidi ambalo haliwezi kufanywa na mwalimu peke yake. Lamu kuna kituo cha Idara ya Hali ya Hewa, na Malindi kipo kingine. Vipimo vyao ndivyo vinavyoingia kwenye kumbukumbu za nchi. Mvua wanaisoma saa tatu asubuhi kila siku. Mkikubaliana nao, kila shule ingepata siku moja kwa mwaka ya kupeleka kipimajoto na kipimamvua chake vikalinganishwe na vya kituo, vikarudi na kadi. Kwa shule za Faza na Kizingitini itabidi kuwe na nauli ya boti, hilo nalo lipangiwe. Tangu hapo kila kipimo kitakachoandikwa na mtoto wa kisiwa kitakuwa na mizizi.

Sasa nirudi kwa binti yule. Wiki moja baada ya karatasi kurudi niliwatoa tena nje na vipimajoto. Nambari 3 ilimwangukia tena. Kadi ilikuwa ingali imefungwa kwa uzi, mwandiko wake mwenyewe. Alitazama kipimajoto, akaitazama kadi, akaandika 31. Nikamuuliza, “Mbona hukutoa mbili?” Akainamisha kichwa.

“Mwalimu, ndilo jibu.”

Karatasi yake ninayo, nimeihifadhi pamoja na kadi na kipimajoto chenyewe. Naomba isahihishwe upya na mtu aliye tayari kuja hapa shuleni, akakitia kipimajoto hicho kwenye barafu kwa mkono wake mbele ya darasa lile, na binti yule akiwa ndiye anayesoma. Barafu ya maji ya bomba nitaitayarisha mimi.

Wenu,
Mwalimu wa sayansi,
Kisiwa cha Lamu